Mngojee Mwenzako

Mwanangu mpenzi,

Unaniuliza umsaidieje yule msichana mwenye ulemavu wa akili aliyeletwa darasani kwenu. Wa kumsaidia anao: mwalimu yupo, mama yake yupo. Anachokosa ni rafiki wa rika lake.

Nilipokuwa nafundisha, tulikuwa na kijana wa namna hiyo. Wanafunzi walimpa tano langoni, wakamgawia biskuti, wakampigia makofi akicheza ngoma. Ikifika saa ya chakula, yuko ukingoni mwa baraza peke yake, sahani magotini, anatazama wanakochekea wenzake. Kila mtu alimsalimu, lakini hakuna aliyemngojea. Mpaka leo linaniuma.

Basi wewe mngojee wako. Zungumza naye kama msichana mwenzako, si kama mtoto mchanga. Mwambie jambo moja moja, kisha nyamaza ajibu, hata akikawia. Watu wakitaka kujua anapenda nini, waambie wamuulize mwenyewe. Na akikukosea, mwambie amekukosea, kama unavyowaambia wengine. Ukimvumilia kila kitu utakuwa unamhurumia tu, na kuhurumiwa kila siku kunachosha.

Uwanjani nako apewe zamu. Eunice Kennedy Shriver alipoanzisha Special Olympics kule Chicago mwaka 1968, wengi hawakuamini kwamba watu wenye ulemavu wa akili wanaweza kushindana. Leo michezo hiyo iko hata hapa Kenya, na zipo timu za mseto ambamo wao na wasio na ulemavu huvaa jezi moja. Mwendee mwalimu wa michezo, mwombe mjaribu.

Wapo watakaombandika majina. Usicheke nao, hata kwa haya. Ibara ya 54 ya Katiba yetu inampa haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Wakumbushe papo hapo, mbele yake. Na hizo simu zenu, mwanangu! Asirekodiwe akicheza au akilia, video ikarushwa kwenye magrupu.

Umesema Jumamosi mnatoka Likoni kwenda Fort Jesus, na wenzako wanasita kumwalika. Mwalikeni. Nenda kwa mama yake mapema, mweleze mtarudi saa ngapi na nani atamshika mkono kwenye feri. Kiingilio chake na nauli ya matatu nitakutumia kwa M-Pesa Ijumaa jioni.

Ni mimi shangazi yako