Programu yangu ilivyowanyima kuku chokaa

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu kuhifadhi nakala za data, na nitaandika, lakini leo acheni niwasimulie habari za kuku. Msikimbie! Tarakilishi imo ndani. Tena ndiyo mshtakiwa. Au ni mimi, mtaamua wenyewe.

Mwaka 2023 nilirudi nyumbani upande wa Nyamira, si mbali na Keroka. Kazi yangu ni ya mtandaoni, na kodi ya Nairobi ilikuwa inanimaliza. Nilimkuta Mama na kuku 12 wa mayai. Mmoja wao, mwekundu mwenye shingo ndefu, alizoea kunifuata hadi mezani na kurukia kiti cha pili huku nikiandika msimbo. Nilimwita Seva kwa sababu hakuwahi kuzima: mvua inyeshe, stima ipotee, yai lake lilikuwa pale pale. Wengine 11 walikuwa wa Mama. Huyu alikuwa wangu.

Mama aliwalisha alivyozoea. Mahindi yaliyopasuliwa, mabaki ya ugali, majani ya chinsaga yaliyokomaa, na maganda ya mayai ambayo aliyakausha kwenye kikaango na kuyaponda. Mchana walizurura na kufukua wadudu. Kisha jirani akaanza kulalamika kuhusu sukuma wiki yake, nami nikaona nafasi ya kuonyesha kwamba digrii ya kompyuta haikuwa bure. Nikajenga banda: mabati juu, karatasi za nailoni ubavuni (mvua ya Gusii haina likizo, mnajua), taa ndani. Na maganda? Nilimwambia Mama aache, kuku watazoea kula mayai yao. Nilikuwa nimesoma mahali. Aliniangalia tu.

Ikabaki chakula. Cha dukani kilikuwa kimepanda bei, basi nikaamua kuchanganya mwenyewe, lakini kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1945 mwanauchumi Mmarekani George Stigler alijiuliza: mtu mzima anaweza kula kwa bei ya chini kiasi gani na bado apate virutubishi vyote? Kwa kukadiria alifika dola 39.93 kwa mwaka mzima, kwa bei za 1939, akila unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharagwe. Mwaka 1947 swali hilohilo lilitumiwa kujaribu mbinu mpya ya simpleksi ya George Dantzig. Makarani 9 wenye mashine za hesabu za mezani walifanya kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa siku 120, wakapata dola 39.69. Kipakatalishi changu humaliza kabla sijainua kikombe cha chai. Viwanda vya chakula cha mifugo hutumia hesabu ya aina hiyo hadi leo, kwa hiyo sikuwa nabahatisha.

Nikaandika programu kwa Python, mistari kama 60. Viungo: mahindi, pumba za ngano, soya, mashudu ya alizeti, omena, chokaa ya mifugo. Masharti: protini isipungue asilimia 16.5, nishati isipungue kilokalori 2,700 kwa kilo. Lengo: bei ya chini kabisa. Nikabonyeza. Omena, sifuri. Chokaa, sifuri. Bei ikashuka vizuri sana, nami nikamwonyesha Mama skrini kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Wiki ya kwanza maganda yakawa membamba. Ya pili, Mama akaokota yai lisilo na ganda kabisa, ngozi tupu, likitikisika kiganjani kama mfuko wa maji. Akaliweka kwenye sahani karibu na kibodi yangu na kuondoka bila neno. Mimi nikahangaika na taa: nikaongeza saa, nikapunguza saa. (Mnaijua tabia hii. Tatizo likitokea, tunagusa kwanza kile tunachopenda kugusa.) Mayai yakapungua. Kisha asubuhi moja Seva akakaa sakafuni na hakuinuka. Alisukuma kwa mabawa, miguu ikakataa. Mwingine alikuwa amekufa kando yake.

Siku hiyo nilikuwa na kikao cha video na mwenzangu wa kazini aliye Brisbane, Australia. Yeye hufuga mjusi mwenye ndevu, mnyama wa kwao huko, mwenye miiba shingoni na sura ya mzee aliyekasirika. (Kabla hamjaniuliza: hapa kwetu, kwa sheria ya mwaka 2013, usifuge mnyamapori bila kibali cha KWS.) Kabla kikao hakijaanza alikuwa akitikisa nyenje ndani ya mfuko wenye unga mweupe. Nikamuuliza kwa adabu tu ule unga ni wa nini.

Kalsiamu, akasema. Nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa zaidi, na mjusi akila nyenje watupu mwili wake huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Taya linalainika, miguu inapinda, mwishowe hawezi kujiinua. Unga peke yake hautoshi, akaongeza. Utumbo unahitaji vitamini D3 ili uinyonye kalsiamu hiyo, na D3 ngozi huitengeneza kwa miale ya jua ambayo kioo cha dirisha huizuia. Ndani ya nyumba inabidi awe na taa maalumu, na taa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga unaoonekana hubaki ilhali miale inayohitajika imekwisha.

Hawezi kujiinua. Nikaomba radhi, nikazima kamera.

Nilifungua msimbo wangu na kutafuta neno kalsiamu. Halikuwepo! Chokaa haina protini, haina nishati, na inalipiwa. Kwa macho ya programu ilikuwa gharama tupu, basi ikaitupa, na ilifanya sawasawa na nilivyoiagiza. Dantzig mwenyewe yalimpata. Alipojaribu kupunguza uzito kwa kutumia mbinu yake, tarakilishi ilimpangia galoni 500 za siki kwa siku, kwa kuwa orodha yake ilionyesha siki kama chakula kisicho na maji. Alipoiondoa siki, ikampangia vipande 200 vya kiungo cha mchuzi. Tofauti ni kwamba yeye alisoma jibu kabla ya kulila. Kuku wangu hawakuulizwa.

Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzoni. Ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa kuku hanyonyi yote anayokula, anahitaji kama gramu 4 kwa siku, yaani karibu asilimia 4 ya chakula chake. Mchanganyiko wangu haukufika asilimia 0.3. Mifupa yote ya kuku ina takriban gramu 20. Kwa hiyo kila yai Seva alilonitagia wiki zile lilikatwa kwenye mifupa yake. Na chinsaga, ambayo sote tumelelewa tukiambiwa inajenga mwili? Ina kalsiamu kweli, lakini gramu 100 za majani mabichi hazifikishi hata nusu gramu. Na nailoni niliyoizungusha kwenye banda ilikuwa inawapunguzia jua, hapa karibu kabisa na ikweta!

Nilimkuta Mama jikoni nikamweleza yote, pamoja na habari za maganda.

"Kwa hiyo ile tarakilishi haikujua kuku ana mifupa?"

"Haikujua, Mama. Sikuiambia."

"Na mimi uliniambia niache."

"Ndiyo, Mama."

Akageuza ugali. "Haya, baba. Nenda dukani kabla hawajafunga."

Wa agroveti aliniuzia chokaa ya mifugo na makombe yaliyopondwa punje kubwa kubwa. Punje hizo huyeyuka polepole tumboni usiku kucha, wakati ambao ganda linajengwa. Alinionya jambo ambalo nawapitishia: chokaa ya kupaka nyumba usiwape, ile huunguza. Na vifaranga usiwape chakula cha kuku wanaotaga. Wao wanahitaji kama asilimia 1 tu, na kalsiamu ikizidi huharibu figo. Jirani alinishauri nisage jiwe jeupe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago. Jeupe ni jeupe, lakini si chokaa.

Nailoni niliing'oa siku hiyo hiyo. Nilimtoa Seva juani kila asubuhi ndani ya karai, na chombo cha makombe mbele yake. Kuku wa pili alikufa siku ya tatu. Siku ya tisa Seva akasimama, akatembea hatua nne, akakaa tena.

Sasa programu ina sharti la kalsiamu, isipungue 3.8 wala kuzidi 4.2, na omena imerudi. Chakula kimekuwa ghali kidogo. Mama naye amerudia kopo lake la maganda, na sijaliingiza kwenye hesabu.

Mfupa wa kidari cha Seva umebaki umepinda, ukimpapasa unausikia. Anataga mayai matatu, manne kwa wiki. Kiti hawezi kukirukia tena, kwa hiyo nimemwekea tofali mbili mbele yake. Hupanda ya kwanza, hupumzika, kisha ya pili.