Bagamoyo: Chama cha Mabaharia Kisicho na Jengo

Ndugu msomaji, ukipata nafasi Jumapili moja ya kusafiri katika Barabara ya Morogoro, ukalivuka daraja la Ruvu na kufika Vigwaza, usiwe na haraka ya kupita. Hapo malori hupanga foleni kwenye mizani, na wachuuzi hukimbilia madirisha ya magari. Hakuna dalili yoyote ya bahari. Walakini maji yale ya rangi ya udongo uliyoyavuka darajani, ambayo chimbuko lake ni milima ya Uluguru, yako safarini kuelekea Bahari ya Hindi, nayo huingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Ni maji hayo hayo tunayoyanywa Dar es Salaam, kwani mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyateka humo.

Mimi niliamua kuyafuata. Sababu ilikuwa kijana mmoja niliyemkuta Vigwaza mwezi Julai akiuza maji ya chupa kando ya barabara. Aliniambia kuwa kazi yake hasa ni ubaharia, ila mjomba wake, mwenye ngalawa huko Bagamoyo, amemkataza kutoka kwa sababu ya kusi. "Samaki wapo, bei ni nzuri, na mjomba amekaa tu chini ya mti," alilalamika. Nikatamani kumwona mjomba huyo. Nikarudi hadi Mlandizi, nikapinda kuelekea Makofia, na kabla ya alasiri nilikuwa ufukweni.

PEPO NDIZO KALENDA

Wageni wengi huenda Bagamoyo kutazama mambo ya kale: magofu ya Kaole, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, na majengo ya Wajerumani, ambao waliufanya mji huo makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hayo ni mema. Lakini nakushauri, msomaji, ushuke pia hadi penye soko la samaki, karibu na jengo kuukuu la forodha. Hapo pana chama cha mabaharia kisicho na jengo, daftari wala kadi za uanachama. Dar es Salaam ipo klabu ya mashua tangu mwaka 1933, enzi za ukoloni, nayo ina jengo lake. Hawa wa Bagamoyo wana mchanga, kivuli na pepo.

Shughuli zao za mwaka mzima hupangwa na pepo hizo. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kisha huja masika, na kusi hushika zamu, ikipamba moto Juni na Julai. Ndiyo iliyowarudisha mabaharia wale makwao. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi kiitwacho tanga mbili, wakati bahari inapotulia na chombo kikaweza kwenda huku na huku. Hapo ndipo vijana hufundishwa kushika usukani, na ndipo ngalawa hushindana mbio kwa furaha tu, watoto wakishangilia pwani.

Ngalawa yenyewe ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, likafungwa mirengu pande zote mbili ili lisipinduke. Tanga lake la pembe tatu huning'inia kwenye foromali. Ni chombo chepesi, chenye mbio, lakini hakisamehe kosa.

SIKU YA KUTOTOKA

Nilimkuta mjomba chini ya mkungu akishona tanga. "Shikamoo mzee," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, karibu kitako."

Nikamweleza malalamiko ya mpwa wake. Hakukasirika. Alinionyesha bahari, mawimbi yakivunjika meupe mbali na pwani. Akasema kwamba zipo boti za mashine zinazotoka hata siku kama hiyo, lakini hata wao hawarudi wote wakiwa na furaha. "Kutoka ni rahisi, kwa sababu umande wa alfajiri hukusukuma. Shida ni kurudi, kupiga bisho dhidi ya upepo, mwenzako akifua maji mfululizo. Kijana huyu anajua kwenda. Bado hajajua kurudi."

Nikamwuliza sasa wanafanya nini msimu huu. Akatabasamu, akanizungusha. Huyu anasokota kamba, yule anaziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta, watatu wanabadilisha mrengu uliooza. Fundi mmoja alikuwa akimfundisha mtoto wa jirani kupima ubao kwa jicho. Hakuna aliyekaa bure. Kumbe siku ya kutotoka nayo ni siku ya kazi, na kazi hiyo ndiyo itakayowarudisha salama siku watakapotoka. Wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa.

"Ukipita Vigwaza," aliniambia tulipoagana, "mwambie aje sasa, asingoje tanga mbili. Simwiti aje kuvua. Aje tushone."

Nilimfikishia ujumbe huo jioni ile ile, taa za malori zikiwa zimekwisha kuwashwa. Alinyamaza kitambo, akazitazama chupa zake. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Bagamoyo ni kiasi gani siku hizi.

Nawe, ndugu msomaji, siku utakapowapeleka watoto wako huko, usiwaonyeshe tanga lililojaa upepo tu. Waonyeshe pia mikono inayolishona.