Moto na Njia ya Moshi Wake

Moto ni mgeni mwenye masharti. Hutaka chakula, hutaka hewa, na hutaka njia ya kutolea moshi. Masharti mawili ya kwanza hutimizwa na kila mtu, kwa kuwa moto usiopewa kuni au hewa huzimika papo hapo. Sharti la tatu hudharauliwa aghalabu, maana moto ulionyimwa njia ya moshi hauzimiki upesi; huendelea kuwaka, na adhabu yake humwangukia yule aliyeketi mbele yake. Katika nchi za baridi njia hiyo huitwa dohani, nayo hujengwa kwa matofali toka sakafuni hata juu ya paa. Katika Mitole, kijiji cha bara ya Kilwa, mtu aweza kutembea kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho wake asikutane na dohani. Mpita njia mwenye haraka angedhani kwamba watu wa huko hawakupata kulifikiri jambo la moshi. Dhana hiyo si ya haki.

Jiko la kale la mashamba ya Kilwa ni banda lililosimama peke yake, mbali kidogo na nyumba ya kulala. Kuta zake ni za miti na udongo, nazo haziufikii mwamba wa paa. Baina ya ukuta na makuti huachwa uwazi kuzunguka pande zote. Chini ni mafiga matatu. Juu ya mafiga, kwa kimo ambacho mkono wa mtu mzima waweza kufika, ni uchaga. Moshi ukitoka motoni hupanda, huusalimu uchaga, huenea chini ya makuti, kisha hutoka taratibu kwa uwazi ule na kwa tundu za paa lenyewe. Kwa hiyo paa lote ndilo dohani. Wala moshi hauachwi kupita bure. Mahindi ya mbegu huning'inizwa uchagani pamoja na maganda yake, na dumuzi huyakimbia. Masizi huifunika miti ya paa, na wadudu hawaitafuni upesi. Mjenzi wa nchi ya mbali angeuita moshi huo takataka. Mkulima wa Mitole aliufanya mlinzi wa ghala, tena mlinzi asiyedai mshahara.

Watu wa miji ya pwani waliojenga kwa mawe na chokaa walikuwa na shida nyingine, kwa sababu nyumba ya mawe haipumui kama nyumba ya miti. Huko Lamu shauri lao lilikuwa kuyapandisha meko juu ya nyumba, katika kidari cha meko, chini ya kipaa cha makuti kilichokaa wazi kwa upepo. Badala ya kuujengea moshi ngazi ya kupanda, walimpandisha mpishi. Ni shauri jema kwa moshi. Kwa magoti ya mpishi na mchukuzi wa maji ni jambo la kujadiliwa.

Walakini haifai kulisifu banda la kale kupita kiasi, kama wafanyavyo wale wanaoliona kwa mbali. Moshi, kabla haujafika uchagani, hupita usoni mwa mama aliyeinama kupuliza moto. Hupita puani mwa mtoto aliye mgongoni. Macho mekundu, kikohozi cha asubuhi na kifua kizito yamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni sehemu ya uzee wa wanawake, kumbe ni sehemu ya upishi wao. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na kuni, mkaa na nishati nyingine za namna hiyo. Hesabu kubwa kama hii haikuliza watu barabarani, maana wafao kwa moshi hawafi pamoja wala hawafi siku moja. Kila mmoja huzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Sasa ujenzi umebadilika. Fedha ya ufuta na korosho imeleta matofali ya saruji na mabati, na jiko limeanza kuingizwa ndani ya nyumba. Fundi mwashi akiitwa kukadiria kazi, mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jiko hili nataka uniletee ukuta mpaka juu kabisa. Paka wananimalizia samaki."

"Ukuta ukifika juu, mama, moshi utapita wapi?"

"Kuni sipikii tena. Nitapikia mkaa, na mkaa hauna moshi."

Maneno ya mama ni kweli nusu, na nusu iliyobaki imeua watu. Mkaa hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo. Hewa hiyo ikivutwa huishika damu kwa nguvu ipitayo mara 200 nguvu ya oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua kile inachopaswa kuchukua. Kichwa huuma, miguu hulegea, usingizi huja. Na mtu aliyefunga mlango na madirisha kwa sababu ya mvua aweza kulala usingizi usio na asubuhi. Moshi wa kuni, kwa ukali wake wote, ulikuwa na uungwana mmoja: ulimfukuza mtu kabla ya kumuua. Mkaa hauna uungwana huo. Basi uwazi wa chini ya makuti, ambao bibi zake mama huyu waliurithishana bila kuuita elimu, unazibwa wakati uleule ambapo haja yake imezidi.

Dohani yaweza kuchukua mahali pa uwazi ule, nayo si jambo gumu kufahamika. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Na nguzo ya hewa ya moto ikizidi urefu, mvuto wake huzidi. Kinywa cha dohani sharti kipite juu ya kilele cha paa, ama upepo utaurudisha moshi chini. Bomba la bati lipitalo karibu na makuti sharti litengwe nayo, kwa kuwa bati lililopata moto halihitaji ndimi za moto kuunguza paa. Tena masizi hujikusanya ndani, na masizi mengi yaweza kushika moto yenyewe. Dohani isiyosafishwa ni deni linalokua ukutani.

Wenye dohani nyingi nao walijifunza kwa gharama. Mji wa London uliwasha makaa ya mawe katika meko ya majumbani kwa karne kadha, kila nyumba na dohani yake, na kila mwenye nyumba akaridhika kwamba moshi umetoka kwake. Mwezi wa Desemba 1952, kwa muda wa siku 5, ukungu na moshi viliulalia mji pasipo upepo, na watu wasiopungua 4,000 wakafa. Ikadhihirika kwamba dohani haiondoi moshi duniani. Huuhamisha tu kwa jirani. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya hewa safi. Mwaka 1965 gesi asilia ilipatikana chini ya Bahari ya Kaskazini, na tangu 1967 mpaka 1977 mafundi walipita Uingereza nzima nyumba kwa nyumba, wakibadili majiko na meko ya wateja wapatao milioni 13 ili yatumie gesi hiyo.

Wengi wa Afrika ya Mashariki waishio leo katika nchi za baridi huota moto wa meko ya gesi sebuleni, yenye kuni za udongo zilizofinyangwa zifanane na kuni za kweli. Moto huo hauna jivu, wala hauna kuni za kupasua. Hata hivyo mafundi wa huko hawakuunyima njia. Meko ya namna iliyo bora huwa na bomba ndani ya bomba: la nje huvuta hewa safi kutoka nje ya nyumba, la ndani hutoa hewa iliyokwisha kuungua, na kioo huutenga moto na chumba. Kila mwaka fundi huitwa. Huangalia kama ndege amejenga kiota kinywani mwa bomba, kama ufizi wa kioo haujakatika, kama vitundu vya gesi havikuzibwa na vumbi. Huutazama pia mwali wenyewe katika jiko la kupikia: ukiwa wa buluu, gesi yapata hewa ya kutosha, ukigeuka manjano na kuacha masizi sufuriani, hewa imepungua na sumu yaweza kuwa inazaliwa. Haya ni maarifa yanayostahili kusafiri mpaka Mitole, ijapokuwa Mitole haina baridi ya kuota moto sebuleni.

Na gesi yenyewe haiko mbali. Kisiwa cha Songo Songo kiko katika wilaya hiyohiyo ya Kilwa. Gesi iligunduliwa hapo mwaka 1974. Ikakaa chini ya ardhi miaka 30 ikingoja fedha na mashauri. Na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba linalopita chini ya bahari mpaka Somanga Fungu, kisha katika nchi kavu kwa zaidi ya kilomita 200. Iliwasha mitambo ya umeme ya Ubungo na tanuri la saruji la Wazo Hill. Mwaka 2015 bomba kubwa zaidi, la kutoka Mtwara, lilikatiza pwani hiyo kuelekea kaskazini. Hivyo gesi ya Kilwa imeangaza nyumba nyingi za nchi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mama wa Mitole huuona moto wa wilaya yake ukipita njia kama harusi ya watu wengine.

Si haki kusema kwamba bomba lingeweza kutobolewa tu na kijiji kikapewa fungu lake. Gesi ndani ya bomba kuu husafiri kwa kani kubwa mno, na kabla ya kuingia jikoni sharti ipunguzwe nguvu kituoni, igawanywe kwa mabomba madogo, na ilindwe na watu wenye ujuzi. London ilikuwa na mabomba ya gesi mitaani tangu mwanzo wa karne ya 19. Mitole nyumba zake zimetawanyika mashambani. Sababu hizo ni za kweli. Lakini kweli ya sababu haipunguzi moshi, na anayepulizia kuni za mbichi ana haki ya kuuliza swali lake mara ya pili.

Gesi inayofika Mitole ni ya mtungi, nayo si ya Songo Songo hata kidogo. Ya Songo Songo karibu yote ni methani. Ya mtungi ni propani na butani, huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, hushushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha huja kusini kwa lori. Tarehe 8 Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 unaokusudia kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Siku 4 kabla ya hapo kimbunga Hidaya kilikuwa kimeifikia pwani, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika sehemu za Somanga. Kuni hazikungoja barabara itengenezwe. Hata pasipo kimbunga, mtungi wa kilo 6 haujui majira ya mkulima: huisha wakati ufuta ungali maua, na mama hurejea kwenye mafiga mpaka mnada. Nyumba ya Mitole basi itakuwa na mioto miwili au mitatu kwa miaka mingi, na fundi aijenge kwa kuzijua tabia zote.

Tabia hizo hazifanani. Moshi wa kuni na sumu ya mkaa hupanda kwa joto lake. Vyataka uwazi juu, na uwazi wa chini wa kuingizia hewa mpya. Methani nayo ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nzito: ikivuja hushuka sakafuni, hutambaa kama maji, hujificha shimoni na chini ya kitanda, ikingoja cheche. Dirisha la juu haliitoi. Kwayo yatakiwa matundu chini kabisa ya ukuta, yasizibwe kwa gunia wala ndoo. Mtungi husimama wima, mbali na mafiga, ikiwezekana nje ya ukuta penye kivuli. Mpira wake haupitishwi nyuma ya jiko penye joto, na ukianza kupasuka hubadilishwa, haufungwi kwa kitambaa. Maungio hupimwa kwa povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inatoka. Kiberiti huwashwa kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Harufu mbaya ya gesi imetiwa makusudi ili ionye. Ikisikika, mtungi hufungwa, milango hufunguliwa, na taa ya umeme haiguswi, wala kuwashwa wala kuzimwa.

Fundi mwenye akili hamkatalii mama ukuta wake. Huupandisha kama alivyoagizwa, ila chini ya paa huacha mstari wa matofali yenye matundu na kuutilia wavu wa chuma, paka asipite na moshi upite. Na karibu na sakafu, upande wa pili, huacha matundu mengine. Gharama yake ni wavu kidogo na nusu siku ya kazi. Banda la zamani nalo halivunjwi. Mtungi ukiwa umejaa, na sufuria zikiwa zimeanza kung'aa, mahindi ya mbegu bado yako kule uchagani, na jioni kadha baada ya mavuno mama huenda kuwasha kuni chache chini yake, kisha hutoka nje akaketi upande wa upepo.