Sifuri Yako Iko Wapi?

Kwenye kipindi chetu cha kazi nilisema kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuiambia mashine sifuri iko wapi, halafu tukarukia mada nyingine. Basi meseji zikaja: sifuri gani hiyo? Haya, leo nawajibu kwa maandishi, maana nikiongea nachanganya Kiingereza kila neno la pili.

Mimi ni mhandisi wa uzalishaji hapa Coventry. Karakana yetu ina mashine za CNC, yaani mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta. Kwa miaka mingi mama yangu, mzaliwa wa Tanga, aliwaambia wageni kwamba mimi nabonyeza vitufe. Siku moja akaniuliza kabisa: "Mwanangu, chuo kikuu chote kile, halafu vitufe?" Nilitaka kumweleza vizuri kwa Kiswahili nikakosa pa kuanzia, mpaka nilipofikiria saa yake.

Si mnaijua hiyo saa? Mama akisema "njoo saa kumi", simu yangu inaandika 16:00. Saa moja asubuhi yake ni 07:00. Wakati ni ule ule, ila yeye anahesabu tangu asubuhi inapoanza, na simu inahesabu tangu usiku wa manane. Ukijua tofauti ni 6, hukosi miadi. Tofauti hiyo ndiyo sisi kazini tunaita ofseti.

Mashine nayo ina sifuri yake ya kuzaliwa. Kwenye mashine nyingi za wima iko pembeni kabisa, mwisho wa safari ya kila mhimili, X, Y na Z. Hapo panaitwa nyumbani, na mashine nyingi, hasa za zamani, ukiziwasha asubuhi lazima kwanza ziende huko ndipo zikubali kazi. Lakini nyumbani hapakatwi kitu. Kipande cha alumini kimebanwa kwenye jiliwa katikati ya meza, mbali na hapo, na mtu aliyeandika programu hajui utakibana wapi. Yeye ameandika tu: toboa tundu milimita 50 kutoka ukingo wa kushoto.

Kwa hiyo kuna mtu lazima aiambie mashine ukingo wa kushoto uko wapi leo. Tunafunga kifaa cha kutafutia ukingo, chenye ncha ya upana wa milimita 10, tunakisogeza taratibu mpaka kiguse kipande. Tuseme skrini inaonyesha X −417.350. Katikati ya ncha bado iko milimita 5 nje ya kipande, kwa hiyo ukingo wenyewe uko −412.350. Namba hiyo inaandikwa kwenye nafasi inayoitwa G54. Kuanzia hapo programu ikisema X50, mashine inajumlisha yenyewe na kwenda −362.350. Ukisahau zile milimita 5, kila tundu litakuwa limehama kwa milimita 5, na mashine haitalalamika hata kidogo.

Siku hizi karakana nyingi zina kigusio cha umeme kinachopima chenyewe. Chanzo chake ni hapa hapa Uingereza: David McMurtry alikibuni miaka ya 1970 akiwa Rolls-Royce, wakihitaji kupima mabomba ya mafuta ya injini za Olympus za ndege ya Concorde. Kazi ni ile ile, kugusa na kuandika.

Nafasi za kawaida ni sita, G54 hadi G59, na raha yake iko hapo. Naweza kufunga majiliwa matatu mezani, la kwanza nikaliandika G54, la pili G55, la tatu G56, na programu moja ikakata vipande vitatu bila kubadilisha kipimo hata kimoja ndani yake.

Balaa linakuja namba inapobaki baada ya kazi yake kuondoka. Kwenye karakana moja niliyofanyia kazi zamani, zamu ya usiku ilitumia G54 kwa kipande kifupi kuliko chetu kwa milimita 25. Wakapima Z upya, wakamaliza, wakafungua jiliwa, wakaenda kulala. Asubuhi kijana mwanafunzi wa ufundi akabana kipande chetu kirefu, akaita programu yetu. Amri ya kwanza ilikuwa kushuka kwa kasi hadi milimita 5 juu ya sifuri. Ila sasa sifuri ilikuwa milimita 25 chini ya uso wa kipande, kwa hiyo hiyo "juu" ilikuwa milimita 20 ndani ya alumini.

Nilikuwa nimesimama naye. Desturi yetu ni kuendesha mara ya kwanza amri moja moja, kasi imebanwa chini kabisa, na kabla kikataji hakijafika unasimamisha na kulinganisha skrini na macho. Skrini ikasema zimebaki milimita 60. Kwa macho, kutoka ncha hadi kipande, zilikuwa 40 hivi. Kijana akaniangalia. Hakubonyeza. Angebonyeza, kikataji kingepasuka mbele ya uso wake, mlango tu katikati, na huenda kichwa cha mashine kingepinda.

Hakuna aliyekuwa mwongo pale. Namba ya usiku ilikuwa sahihi kwa kipande cha usiku. Tangu siku hiyo kila kazi ikaambatanishwa na karatasi: mchoro wa kipande, alama ya mahali sifuri ilipo, nafasi gani imetumika, nani kapima, lini.

Nilipomweleza mama haya yote aliuliza swali la maana kuliko mameneja wengi: "Sasa kwa nini wasiipime upya kila kukicha?" Nikamwambia, ndiyo tunavyofanya, mama.

Lakini saa yake mwenyewe haijapimwa upya. Coventry mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili imeshapita, na mama bado anahesabu kwa asubuhi iliyopimwa Tanga. Wala simwambii abadilishe. Nyumba nzima inajua ofseti yake, kwa hiyo hakuna anayechelewa.

Nadhani ndiyo sababu sikasiriki sana tena nikiambiwa Kiswahili changu kimepinda. Huwa nauliza: umepimia wapi? Ukipimia Zanzibar Mjini, kweli nimehama. Ukipimia jikoni kwa mama, barabara ya pili kutoka kituo cha basi, niko palepale. Ninachokataa ni mtu kunipa kipimo bila kusema sifuri yake iko wapi, kwa sababu nimeshaona kinachoweza kutokea.

Kama na wewe kazi yako haina jina nyumbani kwenu, tuandikie. Kipindi kijacho tutajaribu kuzitafutia maneno pamoja.