Prosesa ya Pili Ndani ya Kompyuta Moja

Leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukishika, na hata mimi nimekiona pichani tu: kadi yenye prosesa yake yenyewe, iliyochomekwa ndani ya kompyuta ili iendeshe programu ambazo kompyuta hiyo haizielewi.

Chukua Apple II. Prosesa yake ilikuwa 6502. Wakati huo programu nyingi za ofisini, WordStar kwa mfano, ziliandikiwa mfumo wa CP/M, na CP/M ilitaka prosesa ya 8080 au Z80. Kuiwekea Apple II programu hiyo ilikuwa kama kumpa Mswahili wa Lamu barua ya Ekegusii aisome. Mwaka 1980 Microsoft (ndio, hao hao wa Windows) wakatoa kadi iliyoitwa SoftCard, kwa dola 349. Ndani yake kulikuwa na Z80 halisi. Z80 ikishika usukani, 6502 inakaa pembeni, na zote mbili zinatumia kumbukumbu ile ile.

Hapo pana ufundi ninaoupenda sana. CP/M inataka kumbukumbu kuanzia anwani sifuri, lakini 6502 nayo huweka vitu vyake muhimu hapo hapo mwanzoni. Basi kadi ikawa inageuza anwani njiani: Z80 ikiomba sifuri inapelekwa 4096, na haijui kama imehamishwa.

Apple wenyewe walifanya jambo kama hilo mwaka 1991. Shule za Marekani zilikuwa na programu tele za Apple II na hazikuwa tayari kuzitupa, kwa hiyo Macintosh LC ikatengenezewa kadi ya Apple IIe, pamoja na waya wa kuunganishia kisomeo cha zamani cha diski.

Kwa nini nayaleta haya? Ni kwa sababu ya rejista moja hapa Nyacheki. Chama kimoja cha kahawa, jina naliacha, kilikuwa na programu ya hisa za wanachama iliyoandikwa kwa Turbo Pascal miaka ya tisini. Aliyeiandika alishafariki, na msimbo wake haukupatikana. Kompyuta ilikufa lakini diski ikapona. Mzee aliyekuwa mweka hazina aliniletea hiyo diski ndani ya mfuko wa sukari.

“Mwanangu,” akasema, “wajane wananiuliza hisa za waume zao. Majina yako humu.”

Majina yalikuwemo kweli. Ukifungua faili unayaona, yamezungukwa na alama za ajabu ajabu. Alama hizo ndizo hesabu, na mpangilio wake aliujua marehemu peke yake. Ilibidi programu yenyewe iamke iseme.

Windows ya biti 64 haikubali programu za DOS, ingawa prosesa iliyo chini yake bado inaelewa maagizo hayo ya kale. Kwa hiyo nilianza na prosesa halisi: Pentium 4 moja kuukuu ya saiba, nikaiwasha kwa FreeDOS. Programu ikaanguka papo hapo, “Runtime error 200”. Sababu yake inachekesha. Programu za Turbo Pascal zinazotumia maktaba ya Crt hupima kwanza kasi ya mashine: zinahesabu mizunguko ndani ya milisekunde 55 au hivi, kisha zinagawanya kwa 55. Mashine ikiwa na kasi sana, jibu linapita 65,535, halitoshi kwenye biti 16, na programu inalalamika kwamba umegawanya kwa sifuri. Yaani mashine ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Hapa ndipo emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nyingine, inaishinda kadi. DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, inakuruhusu kupunguza kasi upendavyo. Niliiweka mizunguko 3000 na menyu ya bluu ikatokea. Kuchapisha nako kulikuwa na vita vyake, maana programu ilitaka printa ya utepe. DOSBox ya kawaida haina printa, kwa hiyo nikahamia DOSBox-X, inayoweza kupeleka machapisho kwenye faili.

Mzee alipitisha kidole jina baada ya jina, polepole. Kwenye majina mawili alisimama, akatikisa kichwa, akaendelea. Mwisho akauliza kama zinaweza kutoka nakala mbili: moja ya ofisini, na moja akaiweke kanisani, kwa sababu ofisini karatasi zina miguu.

Sasa naziingiza hesabu hizo kwenye lahajedwali, mstari kwa mstari, na mzee anahakiki. Stima ikikubali, tutamaliza wiki ijayo.