Goma: Mtoto anayejua jamaa yake

Katika Java, jamaa inaweza kumjua mtoto wake na mtoto asiijue jamaa. Mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Ndosho, hapa Goma, ameligundua hilo kwa zoezi alilojipa mwenyewe: kuandikisha jamaa zilizokimbia vita. Aliandika klasi mbili, Jamaa na Mtoto, na ndani ya Jamaa akaweka orodha ya watoto. Ukishika jamaa moja, unapita hadi kwa kila mtoto wake, jina na umri. Programu ilienda vizuri, akamwonyesha mama yake.

Mama akauliza: «Na mtoto akikutwa peke yake barabarani, hiyo mashini itajua ni wa nani?»

Haikujua. Ingebidi kupekua jamaa zote, moja moja.

Mama hakuuliza bure. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi, Rwanda. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao. Mzazi alikuwa na majina yote kichwani. Aliyemwokota mtoto hakuwa na lolote.

Mwanafunzi akaongeza ndani ya Mtoto sehemu inayoelekeza kwa Jamaa. Hapo kazi ikawa ngumu kidogo, maana ukiandika upande mmoja na kusahau mwingine, orodha inasema hivi na mtoto anasema vile. Basi akatunga amri moja, ongezaMtoto, inayoandika pande zote mbili pamoja.

Kuna pia mtoto anayelala kwa shangazi. Wanaoanza huandika new tena, na Java inaumba mtoto wa pili mwenye jina lile lile. Mgao wa unga unahesabiwa mara mbili, halafu watu wanaitana wezi. Inatosha shangazi aelekezwe kwa mtoto yule yule aliyekwisha kuandikwa.

Na ambaye jamaa yake haijapatikana? Nafasi yake inabaki null. Programu ikiomba simu ya baba hapo bila kuangalia kwanza, inasimama na NullPointerException, na walio nyuma yake kwenye orodha hawasomwi. Sasa inaangalia kwanza. Ikikuta null, inaandika «anatafutiwa», na jina hilo linapanda juu ya orodha.