Beki wa mji wa makaa

Watu wanapozungumza habari za mpira, mazungumzo hukimbilia kwa wafungaji. Jina la aliyetia bao linajulikana hata na mama anayeuza mihogo sokoni. Jina la beki linajulikana siku ile tu alipokosea. Mimi nilicheza nyuma, katika ekipe ya parokia yetu, na leo nafundisha watoto kwenye kiwanja kile kile. Basi mnivumilie nikiwaletea habari za beki mmoja wa Uingereza, Jack Charlton, aliyefariki tarehe 10 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 85.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Ashington, kaskazini ya Uingereza, katika mji wa makaa ya mawe. Sisi watu wa Katanga tunaweza kuuona mji ule bila kusafiri: wanaume wanashuka mgodini kwa zamu, wengine wanapanda wakiwa na mavumbi usoni, nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu kwa safu, na watoto wanacheza mpira njiani mpaka giza liwafukuze. Bob, baba yake, alikuwa mchimbaji, wala hakujali sana mpira. Mpira ulitoka upande wa mama. Cissie alizaliwa katika ukoo wa Milburn, na ndugu zake wanne walikuwa wachezaji wa kulipwa.

Jack alipotimiza miaka 15 alipelekwa mgodini kama vijana wengine. Alifundishwa kazi, akashushwa chini, akaona mahali baba yake alipokuwa akishinda siku zote, naye akasema hapana. Akaomba kuwa polisi. Wakati huohuo kilabu cha Leeds United kikamwita kumjaribu, na siku ya majaribio ikawa ndiyo siku ya kuhojiwa na polisi. Akachagua mpira. Akakaa Leeds mpaka mwaka 1973, kilabu kimoja tu katika maisha yake yote ya uchezaji, michezo zaidi ya 760. Hakuna mchezaji wa Leeds aliyecheza michezo mingi kuliko yeye.

Lakini msidhani alikuwa nyota tangu mwanzo. Mdogo wake Bobby, aliyekuwa Manchester United, alipewa kipaji chote, watu walisema. Jack alikuwa mrefu kama mnara, shingo ndefu, hata wakamwita Twiga. Alikuwa mbishi, mwenye kelele, na miaka mingi Leeds ilicheza daraja la pili. Mwaka 1961 Don Revie akawa mwalimu wa ekipe, akamnyosha kidogo kidogo. Mwaka 1965, akikaribia miaka 30, Jack akaitwa kwa mara ya kwanza katika ekipe ya taifa ya Uingereza. Kwetu kijana wa miaka 23 asiyeitwa popote hutundika viatu vyake, akasema nchi haimtaki!

Mwaka uliofuata, 1966, Uingereza walichukua Kombe la Dunia, na ndugu wawili wa Ashington wakiwa uwanjani pamoja. Katika nusu fainali na Ureno, Bobby alifunga mabao yote mawili. Jack ndiye aliyeushika mpira kwa mkono, ikawa penalti, na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, akaitia. Ikaisha 2 kwa 1. Siku ile baba yao hakuwapo uwanjani. Alikuwa zamu, chini ya ardhi. Nimeifikiri sana habari hii. Wengine wanasema alikuwa mtu mgumu. Mimi naona mchimbaji aliyejua kwamba zamu ni zamu, na kwamba wenzake chini kule wanamhesabu, jambo ambalo beki yeyote mzuri analijua pia.

Katika fainali na Ujerumani ya Magharibi, dakika za mwisho kabisa, mwamuzi alisema Jack amemchezea vibaya mshambuliaji. Wajerumani wakapiga mpira ule wa adhabu, wakasawazisha. Bila nyongeza ya dakika 30 na mabao mengine mawili ya Hurst, jina la Charlton mkubwa lingebaki katika kosa lile tu. Kipenga kilipolia, 4 kwa 2, Jack alianguka magoti, uso wake mikononi.

Alipoacha kucheza akawa mwalimu wa ekipe. Alikuwa amejisomea kazi ile akiwa bado mchezaji, hakungoja siku ya mwisho. Middlesbrough aliwapandisha daraja la kwanza mwaka wake wa kwanza tu, 1974. Akaenda Sheffield Wednesday, kisha Newcastle. Mwaka 1977 aliandika barua kuomba ualimu wa ekipe ya taifa ya Uingereza, na hakupata hata jibu.

Jibu lilitoka kwa jirani. Mwaka 1986 Ayalandi walimchukua. Ninyi mnaojua historia mtaelewa ugumu wake: Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza miaka mingi sana, tena kwa mkono mzito, na watu hawajasahau. Sasa Mwingereza ndiye awe mkubwa wa ekipe yao! Isitoshe, Ayalandi hawakuwa wamefika hata mara moja kwenye mashindano makubwa. Mwaka 1988 waliingia Kombe la Ulaya, na mchezo wao wa kwanza ulikuwa na Waingereza wenyewe, huko Stuttgart. Houghton akafunga kwa kichwa mapema, wakalinda bao lile mpaka mwisho. Toka siku ile watu wa Ayalandi hawakumwuliza tena Jack amezaliwa wapi.

Mchezo wake haukuwa mzuri wa kutazama. Lazima tuseme kweli. Mpira mrefu nyuma ya mabeki wa wenzao, kisha wote wakimbie kuwabana huko huko. Beki alifundisha lile ambalo beki huliogopa. Wataalamu walinung'unika. Lakini mwaka 1990 huko Italia waliingia robo fainali bila kushinda mchezo hata mmoja kwa mabao ya kawaida: sare tatu, kisha Rumania kwa penalti, 5 kwa 4. Kabla ya kukutana na Italia huko Roma, ekipe nzima ilipokelewa Vatikano na Papa Yohane Paulo II, ambaye katika ujana wake Poland alikuwa mlinda mlango. Italia waliwashinda 1 kwa 0. Waliporudi Dublin, barabara zilijaa kama wameleta kombe.

Katika ekipe hiyo alikuwamo mtu ninayempenda kuliko wote, Paul McGrath. Mama yake Mwairishi, baba yake Mnijeria. Alizaliwa London, akalelewa katika nyumba za yatima huko Dublin, mtoto mweusi kati ya weupe, na magoti yake yalipasuliwa mara nyingi. Pombe ilimshika vibaya. Mwenyewe ameyaandika hayo. Zaidi ya mara moja hakuweza kucheza kwa ajili ya ulevi. Charlton, yule mtu wa kelele, hakumtupa. Alimrudisha kila mara. Mwaka 1994 huko Marekani, Ayalandi waliwafunga Italia 1 kwa 0, na McGrath siku ile alizuia kila kitu: mguu, kifua, kichwa, hata uso. Ninawaambia watoto wangu: mnapotaka kujua beki ni nini, tazameni picha za mchezo ule.

Charlton aliacha kazi baada ya kushindwa na Uholanzi. Ayalandi wakampa uraia wa heshima. Kwenye kiwanja cha ndege cha Cork wameweka sanamu yake. Hakusimama kama jemadari, amekaa anavua samaki, kazi aliyoipenda kuliko mpira. Na mdogo wake Bobby? Miaka mingi hawakusikilizana, mambo ya nyumbani. Lakini mwaka 2008 Bobby alipopewa zawadi ya heshima mbele ya taifa, aliyemkabidhi alikuwa Jack.

Mwisho wa maisha yake Jack alipoteza kumbukumbu. Bobby naye, aliyefariki mwaka 2023, alipata ugonjwa huohuo, pamoja na Wilson, Peters na Stiles: watu watano wa ekipe moja ya mwaka 1966. Mwaka 2019 waganga wa Glasgow walitoa uchunguzi wa wachezaji wa zamani wa Uskoti, zaidi ya 7,000. Waliona kwamba kufa kwa magonjwa ya namna hii ya ubongo kulikuwa mara 3 na nusu kuliko kwa watu wengine. Mwaka 2021 wakaongeza kwamba hatari kubwa ni ya mabeki, karibu mara 5, na kwamba walinda mlango hawana hatari iliyozidi. Sababu inayodhaniwa ni mpira kugonga kichwa, mazoezini zaidi kuliko kwenye mchezo. Mwaka 2020 Waingereza na Waskoti walikataza watoto wa shule ya msingi kufundishwa kupiga kichwa.

Nami nimekataza kwenye kiwanja chetu, kwa wote wasiofika miaka 12. Baba mmoja alinijia na hasira, akisema ninalea mabeki waoga, na kwamba yeye alipiga vichwa utoto wake wote na yuko mzima. Nilimheshimu, nikamweleza hesabu ya Glasgow, akaenda zake bila kukubali. Mtoto wake bado anakuja kila Alhamisi. Ana miaka 10, mrefu kuliko wenzake, na juma lililopita aliniuliza: «Mwalimu, mpira wa kona ukija juu, nifanye nini?» Nikamwambia asimame karibu na mtu wake, amfunge njia, angoje mpira ushuke kifuani.